Afya Nyumbani: Mgonjwa wa Sukari Naye Aende Shule



Wengi wakiambiwa na mganga kwamba wana ugonjwa wa sukari, huomba dawa tu. Wakialikwa kuketi pamoja na wagonjwa wengine ili wafundishwe, hunung'unika: "Mimi si mtoto wa shule. Nipeni dawa niende zangu." Neno hilo ni la hatari, nasi tutaonyesha sababu yake.

Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa aonanaye na mganga nusu saa kila mwezi amekaa naye saa 6 tu. Saa 8,754 zilizosalia, nani atamwuguza? Ni yeye mwenyewe na watu wa nyumba yake. Watu wa Tenke wataelewa upesi, maana kwao ndiko reli zinakoachana, moja kwenda Kolwezi, moja kwenda Kamina. Mkubwa aliye Lubumbashi hawezi kunyosha mkono ageuze reli ya Tenke. Sharti awepo pale mtu ajuaye kazi.

Mganga Elliott Joslin wa Boston, Marekani, aliliona jambo hilo zamani. Mwaka 1918 aliwaandikia wagonjwa wenyewe kitabu cha mafundisho. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alichomwa sindano ya insulini, akaishi hata 1935. Lakini dawa hiyo haikuondoa haja ya kufundishwa, bali iliizidisha. Insulini ikipungua, sukari hupanda mwilini. Ikizidi, sukari hushuka. Na yote mawili yaweza kuua.

Basi, hufundishwa nini? Kwanza, chakula. Bukari haukatazwi, bali hupimwa: robo ya sahani iwe bukari, robo samaki au maharagwe, na nusu yote mboga, kama vile lengalenga. Soda na chai ya sukari ziachwe.

Pili, dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa kali, kusema ovyo. Wasiojua humdhania mtu huyo kuwa amelewa au amerogwa, wakamwacha alale, naye huenda asiamke tena. Aliyefundishwa humpa mara moja maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, kisha chakula. Lakini ikiwa hawezi kumeza, asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mbio.

Tatu, miguu. Ugonjwa huu hufisha hisia za nyayo, hata mtu akachomwa na msumari asijue, kidonda kikaoza, na mguu ukakatwa. Kwa hiyo aitazame miguu yake kila jioni, wala asitembee bila viatu.

Nne, mwenye kutumia insulini asiiache kwa shauri lake mwenyewe, hata akijiona mzima.

Wengine husema: "Hayo ni ya wenye friji." Sivyo. Waganga wa shirika la Médecins Sans Frontières walipima joto la nyumba za wakimbizi huko Dagahaley, katika kambi za Dadaab, Kenya. Likawa kati ya digrii 25 na 37. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini katika joto hilo hilo majuma 4, nayo ikabaki na nguvu sawa na ile ya friji. Habari hiyo ilitangazwa 2021. Basi, aliyefundishwa vema aweza kuitunza nyumbani, mahali pa baridi pasipo jua, kwa siku atakazoambiwa na mwuguzi.

Kwa hiyo, ndugu, ukienda kuchukua dawa, uliza pia siku ya mafundisho. Usiende peke yako: mume afuatane na mke wake, maana chungu ni cha wote wawili. Nanyi wanafunzi, ikiwa mzazi wenu hajui kusoma, mkumbusheni kila siku saa ya sindano na saa ya chakula. Kazi hiyo mwaiweza.