Muhali na fundo la khanga

Bamvua linapoingia Jambiani, maji hukimbia mbali hadi karibu na mwamba, na pwani hubaki kiwanja kirefu cha mchanga mweupe na madimbwi. Wanawake huteremka na kamba, mambo na viroba. Huinama safu kwa safu, wakifunga mbegu za mwani na kuchuna zilizokomaa, kisha hupanda na mizigo inayochuruzika maji ya chumvi. Kazi huenda hivyo siku sita, saba. Mwezi ukisogea, maji hayapwi tena ya kutosha, shamba hubaki chini ya bahari, na maji mafu huwa yameingia. Mara mbili kila mwezi bahari yenyewe huwapa wakulima wake mapumziko.

Mkoba, hata hivyo, haupumziki.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Jambiani na jirani yake Paje ndizo zilizotangulia. Tangu hapo kijiji kimejifunza kuishi kwa pesa zinazokuja kwa vipande. Mwani huhitaji wiki sita hivi baharini, halafu uanikwe, halafu asubiriwe mnunuzi na mizani yake. Kilo moja mkavu hutokana na kilo kadhaa mbichi, na bei ya spinosum, aina inayolimwa zaidi, kwa miaka mingi haikufika shilingi 1,000 kwa kilo. Baina ya mizani moja na nyengine kuna daftari la deni dukani, mahitaji ya skuli, nauli ya daladala namba 309 kwenda mjini, na vitu vidogo vidogo ambavyo jioni hakuna anayekumbuka vilikuwa nini.

Kwa hali hiyo, wazo linalozungumzwa sana siku hizi katika nchi nyingi lina mahali pake Jambiani: watu wachague siku chache kila mwezi, wakubaliane kutotoa hata senti kwa kitu kisicho cha lazima, na wapeane moyo mpaka siku hizo ziishe. Wazo lenyewe lina mizizi mirefu. Japani, mwandishi wa habari Hani Motoko alichapisha mwaka 1904 daftari la hesabu za nyumbani, ili mama wa nyumba aone kwa macho yake pesa zinapokwenda. Mjini Vancouver, Kanada, msanii Ted Dave alianzisha mwaka 1992 siku ya kutonunua kitu, ikaenea duniani.

Lakini mwito wa aina hiyo humlenga mtu mmoja mmoja: jizuie, funga mkoba wako, andika hesabu zako. Ukiletwa Jambiani ulivyo, hautafika mwezi mwandamo wa pili. Utauliwa na muhali.

Mfano si wa mbali. Mwanamke amepimiwa mwani wake jana. Mizani ilikuwa uwanjani, watu wameona viroba vyake vingapi vimepanda na vingapi vimeshuka. Leo amekaa barazani, shilingi 20,000 zimefungwa kwenye pindo la khanga. Anapita shoga yake na habari ya sare: harusi ya mtoto wa Bi fulani ni wiki ijayo, doti zimeshafika, zimebaki mbili. Anakuja mtoto wa dada yake, bando limekwisha na ana kazi ya skuli. Anatumwa mtoto wa jirani kuomba ya sukari, mama atarudisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo anasa, wala ovu. Ila fundo limefunguliwa mara tatu kabla ya adhuhuri, kwa sababu anazo, wote wanajua anazo, na kusema "sina" ni uongo, na kusema "sikupi" ni kujitenga na watu.

Huo ndio muhali. Wataalamu wa fedha wanaokuja na semina za kuweka akiba huzungumza sana juu ya tamaa na matumizi ya ovyo. Muhali hawautaji, na pengine hawaujui. Kwa mtu wa Jambiani, adui wa fundo la khanga mara nyingi si kile anachokitamani mwenyewe, ni kile anachoona haya kumnyima mwenzake. Nidhamu ya mtu mmoja haifui dafu hapo. Linalofaa ni makubaliano ya wengi yatakayomruhusu kila mmoja wao kusema hapana bila kuvunja udugu.

Wilaya ya Kusini inayo tayari mfano wa makubaliano hayo, nao uko baharini. Kizimkazi Dimbani, kama ilivyofanyika kabla yake Kisiwa Panza kule Pemba, wanakijiji wakisaidiwa na shirika la Mwambao wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba kwa kiasi cha miezi mitatu asivuliwe pweza. Pweza hukua haraka mno. Akiachwa miezi hiyo huwa mnyama mwengine kabisa, na siku ya kufungua kijiji kizima hushuka pwani. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwamba haufungwi na mtu mmoja. Mama mmoja akijizuia kuchokoa pweza huku wenzake wakiendelea, hakuweka akiba, amewaachia wengine. Pesa ya kijijini ina tabia hiyo hiyo. Aliyejifungia peke yake hukutwa na wasiofunga, nao wana haki ya udugu juu yake.

Na chombo cha kukubaliana kipo. Daladala ya 309 ikitoka mjini kuelekea Jambiani hupita katikati ya msitu wa Jozani, wenye kima punju. Katika vijiji vya kandokando ya msitu huo, shirika la CARE lilianzisha kwenye mwaka 2000 vikundi vya kuweka na kukopa, kwa mtindo uliobuniwa Niger mwaka 1991 chini ya jina la Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Mradi ulipomalizika na wafanyakazi wake kuondoka, vikundi havikufa. Watafiti waliokuja mwaka 2006 walivikuta vimeongezeka, wanawake wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Leo mtindo huo umetapakaa Unguja na Pemba, na Tanzania Bara unajulikana zaidi kwa jina la vikoba.

Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kikundi cha namna hiyo anajua unavyokwenda. Sanduku la bati linawekwa katikati ya mkeka. Lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu tofauti. Asipokuja mmoja, sanduku halifunguliwi. Kila mwanachama ana namba. Namba moja anaitwa, anahesabu pesa zake mbele ya wote, zinatiwa kwenye bakuli, kijitabu chake kinagongwa muhuri kwa kila hisa aliyonunua. Namba mbili. Namba tatu. Bibi asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake kwa kidole, na hakuna wa kumdanganya. Pembeni upo mfuko wa jamii, wa msiba na maradhi.

Kinachokosekana kwenye mkutano huo ni mazungumzo juu ya siku zilizo katikati. Kikundi kinajua mwanachama ameleta hisa ngapi. Hakijui amehangaika vipi kuzipata, wala nani alimfungulisha fundo njiani. Siku za kutotumia zingeziba pengo hilo, na kikundi ndicho chenye heshima ya kuzitangaza. Mwanachama akiombwa, atajibu: "Shoga, leo ni siku ya kikundi, fundo halifunguliwi." Jibu hilo halimvunji mtu heshima, kwa kuwa muombaji naye ni mwanachama, au mama yake, au wifi yake.

Siku zenyewe zifuate mwezi mwandamo, si mwisho wa mwezi wa mshahara. Mshahara ni mambo ya hoteli na afisi. Mwani hufuata maji, na maji hufuata mwezi. Maji mafu huangukia takriban tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo, na tena 23 hadi 25. Siku tatu kila mara, sita kwa mwezi. Ni siku ambazo mikono haina kazi shambani, miguu ina nafasi ya kuzunguka madukani, na simu iko karibu. Zinajulikana na kila mtu bila kalenda, na hilo peke yake ni faida kubwa.

Lipo pingamizi la haki, wala halifai kupuuzwa. Anayepika vitumbua alfajiri anaishi kwa shilingi mia mbili tatu za jirani zake. Kijiji kikifunga mafundo yote siku tatu mfululizo, ungo wake nani atanunua? Ndiyo maana siku hizi hazipaswi kugusa anachouza jirani kwa jasho lake: vitumbua, samaki, mchicha, muhogo. Pesa hiyo huzunguka humo humo kijijini na kesho hurudi kwenye sanduku. Za kuzuiwa ni zile zinazoondoka zisionekane tena: soda, vocha ya pili na ya tatu kwa siku, bando la kutazamia mpira, kitu cha plastiki kitakachovunjika kabla ya Ijumaa. Na sare. Juu ya sare kikundi kiwe na ujasiri: wanachama wakubaliane kwamba khanga zilizokwishashonwa au kuvaliwa harusi moja zinavalika harusi tatu. Mwanamke mmoja akivaa sare ya mwaka jana atasemwa. Wakivaa ishirini, imekuwa desturi.

Wanaume nao wasiachwe nje. Nyumba ambayo mama amefunga fundo na baba yuko kijiweni na sigara na kahawa, siku hiyo ni ya jina tu.

Jambo moja kikundi kisilifanye: kutoza faini. Vikundi vimezoea faini ya kuchelewa au ya simu kulia mkutanoni, na ni sawa. Lakini siku hizi ni za kusaidiana, na faini humfanya mtu afiche. Mtoto ameamka na homa, mama amenunua dawa na kulipa bodaboda. Je, aje kujitetea kama mshitakiwa? Aliyefungua fundo aseme tu lililomfungulisha, na wenzake waulize wangefanya nini pamoja. Mara nyengine jibu ni mfuko wa jamii. Mara nyengine ni jambo dogo kabisa: nazi kutoka kwa mmoja, muhogo kutoka kwa mwengine, chungu kimoja kwenye jiko moja, watoto wa nyumba tatu wakala. Na yupo ambaye siku zote zake ni za kutotumia kwa sababu hana. Huyo asiambiwe anashindana na yeyote. Kumjua, na kumfikia, ni sehemu ya kazi ya kikundi.

Umuhimu wa haya unaonekana zaidi ukitazama njia nyengine aliyonayo mtu aliyebanwa. Mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu imeingia mpaka kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Malalamiko yaliyozagaa juu ya mikopo ya aina hiyo ni kwamba mkopaji akichelewa, jamaa na marafiki zake hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Mkopeshaji huyo naye ametambua nguvu ya haya mbele ya jamaa, akaigeuza kuwa kitanzi. Kikundi kina nguvu hiyo hiyo mikononi, nacho kinaweza kuitumia kumsitiri mtu.

Tena Jambiani haijasahau mwaka 2020. Mwaka huo, kwa sababu ya korona, ndege za kimataifa zilisitishwa, hoteli zikafungwa, na vijana waliokuwa wakipokea mishahara wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wapo waliorudi kwenye mwani pamoja na mama zao. Masika ya kila mwaka huleta kipande kidogo cha mwaka ule, wageni wanapopungua.

Pwani ya Jambiani ina kazi nyengine ya zamani inayofanana na kuweka akiba kwa namna hii. Wanawake hufukia makumbi ya nazi mchangani, yakandamizwa kwa mawe, maji yakaja na kwenda juu yake kwa miezi. Hakuna anayeyachimbua kila siku kutazama kama yameoza. Wakati ukifika hufukuliwa, yakapigwa kwa mchi mpaka usumba utoke, na usumba husokotwa ukawa kamba.

Hesabu ya siku za kutotumia si kubwa, na haina haja ya kutiwa chumvi. Mwanachama akinusuru shilingi 1,500 kila siku ya kutotumia, kwa siku sita ni 9,000 kwa mwezi. Zinunuliwe hisa mkutano unaofuata, kabla hazijapata mwenyewe mwengine. Kikundi kikianza maji mafu ya kwanza ya Mfungo Mosi, baada ya Idd, kitakuwa na miezi kumi na moja mpaka mwisho wa Shaabani: maji mafu 22, siku 66, shilingi 99,000 kwa kila mwanachama, mbali na hisa alizozoea kununua. Mgao ufanywe baada ya maji mafu hayo ya mwisho, kabla ya vunja jungu, wakati bei ya ndizi, muhogo na tende haijapanda sana sokoni, ili kila mmoja anunue vya Ramadhani kwa pesa zake mwenyewe na daftari la deni dukani libaki tupu.