Benja Ayimba Alituletea Kombe la Singapore, Mwaka Haukuisha Tukampea Mlango

Unakumbuka Jumapili ya Aprili 17, 2016? Kama wewe ni fan wa raga, hiyo siku haiwezi kukutoka. Shujaa waliwanyorosha Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore Sevens. Na si Fiji ya mchezo, ni wale wale wasee walibeba dhahabu ya Olimpiki huko Rio miezi minne baadaye. Sote tuliimba Collins Injera, tukaimba kepteni Andrew Amonde. Msee aliyepanga hiyo kitu yote, kocha Benjamin Ayimba, alitajwa mara mbili tatu, kisha sherehe ikaendelea.

Wacha leo tumwongelee Benja, juu story yake inaonyesha vile tunawatumia watu wetu wa raga, halafu tunawaacha kwa mataa.

Kabla awe kocha, Ayimba alikuwa mchezaji, tena si wa kukaa benchi. Alitoka Impala, akavaa jezi ya taifa mpaka akawa kepteni, akaenda kucheza Uingereza na Cornish Pirates. Alipoacha kucheza, hakupotelea mtaani. Alishika timu ya taifa ya Sevens, na 2009 akaipeleka nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Dubai. Robo fainali walimtoa bingwa mtetezi. Nani? Fiji tena, 26-7. Argentina ndio waliwazuia hatua iliyofuata, 12-0. Huo msimu pia ndio Injera aliongoza dunia nzima kwa kufunga tries.

Ungedhani kocha kama huyo anapewa kiti na funguo za ofisi. Zi! Alitoka, wakaja wengine, wakaenda, akaitwa tena 2015 timu ikiwa inayumba. Mwaka uliofuata ndio hiyo Singapore. Halafu Rio ikaenda vibaya, Shujaa wakamaliza nambari 11, na kabla 2016 iishe kiti kilikuwa cha mtu mwingine.

Sasa tusidanganyane. Nambari 11 si matokeo ya kujivunia, na kocha yeyote lazima ajibu maswali. Lakini kujibu maswali na kumwaga unga ni vitu mbili tofauti.

Cheki kilichofuata. Aliyechukua usukani ni Innocent Simiyu, Namcos, mchezaji mwingine wa zamani ambaye Benja mwenyewe alikuwa amemfundisha. Mwaka 2018 Namcos akafikisha Shujaa fainali mbili mfululizo, Vancouver na Hong Kong. Mwaka huo huo wachezaji wakafunika nembo ya mdhamini kwenye jezi zao kule Paris, wakilalamikia doh yao. Haikupita muda, kocha naye akaenda nyumbani. Baadaye akaitwa tena, akaenda na timu Tokyo, akatoka tena. Umeona mchezo? Ni Benja part two.

Mei 2023 bill ikafika. Shujaa walipigwa na Canada 12-7 London, tukashushwa kutoka ligi kuu ya dunia. Mwaka mmoja baadaye Mkenya mwingine, Kevin Wambua, ndiye alituregesha pale Madrid. Mimi siwezi kusema ni kufuta makocha pekee kulituangusha. Pesa na maandalizi zina story zao. Lakini kila ukimtoa kocha, anatoka na kila kitu alichojifunza kuhusu hao vijana, na anayekuja anaanza na ukurasa mtupu.

Na si ukocha peke yake. Mchezaji akistaafu kuna pia kipenga. Huko New Zealand kuna jamaa anaitwa Glen Jackson. Alicheza Saracens ya Uingereza hadi 2010, akarudi home akashika kipenga, na 2015 alikuwa refa kwenye Kombe la Dunia. Alipomaliza hiyo, akajiunga na makocha wa Fiji. Mchezaji, refa, kocha, wote ni msee mmoja. Hakuwa na bahati tu. Kulikuwa na watu waliomwona ni mali, wakamlipa akajifunza kazi mpya badala ya kumwacha atafute hustle.

Hapa kwetu, Benja alifariki Mei 21, 2021, akiwa na miaka 44, baada ya kuugua malaria iliyopanda kwa ubongo. Akiwa hospitali, familia na marafiki wa raga walikuwa wameomba Wakenya wachange kusaidia kulipa bill. Soma hiyo tena polepole. Msee aliyetupea kombe la Singapore, matibabu yake yalitegemea mchango.

Kwa hivyo wakati mwingine Shujaa wakishinda na timeline yako ijae bendera, uliza maswali matatu. Kocha ana kandarasi ya miaka mingapi? Wachezaji na makocha wana bima ya afya? Na hawa vijana wakifika miaka 33 na magoti yamekataa, kuna mtu amewawekea njia ya ukocha ama kipenga?

Tukikosa majibu, basi tujue kuna Benja mwingine yuko uwanjani sahii, anakimbia kwa ajili yetu, na mlango wake ushafunguliwa kitambo.