Utafiti Usiorudi Darasani

Shule haiwezi kujirekebisha kwa kukisia, kwani mwalimu huliona darasa lake tu, mkaguzi huziona shule nyingi kwa siku chache, na mzazi huona alama za mtihani uliokwisha kupita. Ndiyo sababu jamii hugharimia vyuo vikuu, ili wapatikane watu wenye nafasi ya kulifuatia swali moja kwa miaka kadhaa na kulipima jibu lake bila ya kulazimika kumpendeza yeyote.

Faida ya kazi hiyo huonekana zaidi pale inapokanusha jambo lililosadikiwa na wote. Huko Busia na Teso, magharibi ya Kenya, wanauchumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza mpango ulioanza mwaka 1996 wa kugawa vitabu vya kiada kwa shule 25 za msingi, zilizoteuliwa kwa nasibu, yaani kama kwa kupigiwa kura, ili zilizopata na zilizokosa zilinganishwe kwa haki. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakiongoza tangu mwanzo, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu. Matokeo hayo hayaamuru vitabu vipunguzwe, kama bahili angependa kuyasoma. Yanataka kitabu kiandikwe kwa ajili ya mtoto aliyepo darasani.

Tanzania ina ushahidi wa namna hiyo kwa wingi. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari, yaani lugha ambayo kwayo masomo mengine yote huelezwa, kuanzia 1985. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na Bill Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi kilikuwa hafifu mno kuweza kubeba masomo, kisha wakapendekeza kiendelee kutumika, mithili ya mganga aonaye dawa haiponyi akaamuru dozi iongezwe. Tangu 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Oslo na Western Cape walifanya majaribio ya kufundisha madarasa ya sekondari kwa Kiswahili, na wanafunzi hao wakaonekana kuelewa na kushiriki zaidi kuliko wenzao wa Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 ikaziruhusu lugha zote mbili, lakini sekondari za serikali zikaendelea na Kiingereza kama awali.

Serikali ina haki ya kukataa ushauri, kwani utafiti si amri. Ila yapasa iukatae kwa hoja zinazopimika, si kwa kunyamaza. Wasomi nao hawana budi kujihoji. Tasnifu nyingi, yaani zile kazi ndefu za kutafutia shahada, zinazothibitisha kwamba mwanafunzi hakielewi Kiingereza zimeandikwa kwa Kiingereza, nazo hukaa katika maktaba za vyuo asikofika mwalimu aliyelitoa darasa lake lichunguzwe. Vyuo vikuu na viweke sharti kwamba shahada isitolewe mpaka nakala fupi ya matokeo, kwa Kiswahili, iwe imefika katika shule iliyochunguzwa na kujadiliwa na walimu wake.