KUFULI HALINA MACHO

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii twaiandika katika insha kila muhula, lakini usiku ukiingia twaisahau. Tukisikia nyumba imevunjwa Kibokoni au Kuze, tunayemkimbilia kwanza ni fundi wa vyuma. Dirisha litatiwa grili, mlango utaongezwa kufuli la pili, na juu ya ukuta vitapandwa vipande vya chupa. Sikatai, vitu hivyo vyafaa. Tena nyumba zetu za Mji wa Kale zimeshikana ubavu kwa ubavu, hata mtu akipanda kwa huyu aweza kushukia kwa yule. Mlango wa juu usiofungwa ni sawa na mlango wa mbele ulio wazi. Basi na ufungwe.

Lakini itazameni Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kuta nene za mawe, na mizinga juu yake. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliingia na watu wake kwa kupitia mlangoni, kwa kuwa alikuwa mtu anayejulikana, akamuua kapteni na ngome ikawa mikononi mwake. (Simfananishi Sultani na mwizi, jamani; mji ulikuwa wake!) Ninalosema ni kuwa ukuta hauulizi, "Wewe nani, na wataka nini saa hizi?" Anayeuliza ni mtu.

Mtu huyo alikuwa akikaa barazani. Zile baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba za wazee wetu hazikuwa za kunywea kahawa tu. Mgeni akipita kichochoroni mara ya pili aliulizwa amtafuta nani, na akiwa na haja njema alipelekwa mpaka mlangoni. Siku hizi tumejifungia ndani na simu zetu. Serikali ya Kenya ilipohimiza Nyumba Kumi mwaka wa 2013, mpango ambao wenzetu wa Tanzania walikuwa nao tangu miaka ya 1960, wako walioguna eti ni jambo geni. Ugeni gani? Si baraza ileile, imepewa mwenyekiti tu!

Sasa nafika penye uchungu. Mara nyingi mtaa wamjua mwizi. Amezaliwa papo hapo, pengine unga umemharibu, na majirani wanamsitiri: "Muache bwana, huyo ni mwana wa fulani, mamake atafedheheka." Kesho yake mtungi wa gesi unauzwa nusu bei, na mnunuzi hatoki mbali. Kwani mwizi atakula mtungi? Angekosa wa kumuuzia angeuacha pale jikoni ulipo.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya yasema kuwa mwenye kuvunja nyumba kwa nia ya kuiba aweza kufungwa hadi miaka 7. Akifanya hivyo usiku, yaani kati ya saa kumi na mbili na nusu za jioni na saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, ni hadi miaka 10. Je, anayepokea mali hali akijua ni ya wizi? Hadi miaka 14! Mnunuzi amempita mvunjaji, nami naona ni haki kabisa.

Wako watakaosema mwizi ashikwe, apigwe, achomwe. Wallahi hilo nalipinga. Mtaa ulionyamaza miaka miwili hauwezi kugeuka hakimu kwa usiku mmoja. Akishikwa apelekwe polisi, na aliyetekwa na unga atafutiwe dawa. Kliniki ya methadone iko Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali tu.

Sisi wanafunzi hatuna fedha za grili, lakini macho tunayo. Jirani akisafiri, tumuwashie taa ya nje jioni na tuizime asubuhi. Na mkiletewa simu hapo nje ya lango la shule kwa bei ya kutupa, muulizeni muuzaji risiti na boksi lake. Mtaona atakavyokumbuka ghafla kwamba ana safari ya Likoni.