Mwanafunzi Asisafiri Mtoni Usiku



Likizo ikikaribia, shule yetu inagawanyika mara moja makundi mawili. Wale wa Basoko mjini wanafunga kayé zao na kurudi nyumbani kwa miguu. Sisi wengine, ambao kwetu ni Lokutu, Isangi, Yangambi, Kisangani, ao kule chini Bumba, tunaanza kuulizana: «Mashua iko? Itapita siku gani? Nani alisikia?» Juu ya safari ile tunaandika leo. Neno letu ni moja, na tunaomba wakubwa walisikilize: mwanafunzi asisafiri mtoni usiku, na kanuni ya shule isimsukume kufanya hivyo.

Mtu asifikiri kwamba tunaogopa mto. Sisi ni watoto wa mto. Toka Kisangani mpaka Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1,700 za maji. Juu ya Kisangani maporomoko ya Boyoma yanafunga njia, ndiyo maana ilijengwa reli ya kilometa 125 mpaka Ubundu, ikamalizika mwaka wa 1906. Lakini toka Kisangani kushuka, mashua inakwenda bila kukutana na poromoko hata moja mpaka Kinshasa. Wazungu walijenga vituo vyao kwenye ukingo huu kwa sababu njia ilikuwa tayari.

Tena ni safari nzuri sana. Ukitoka hapa kupanda Kisangani, unaacha mdomo wa Aruwimi nyuma yako, unaona mashamba ya mawese ya Lokutu, ambako zamani waliita Elisabetha. Kisha ni pori, na visiwa, na pori tena. Pale Isangi maji ya Lomami yanaingia. Halafu Yangambi, na majumba ya utafiti wa kilimo, kazi iliyoanza mwaka wa 1933. Halafu Yakusu, pahali ambapo misioni ya Wabaptisti ilifundisha wauguzi wengi. Njiani wamama wanakuja na mitumbwi, wanashika ubavu wa mashua ikiwa mwendoni, wanauza kwanga, ndizi, viwavi na samaki ya kukaushwa. Majani ya maji, yale ya kongo ya sika, yanateremka polepole kama visiwa vidogo vinavyohama. Mtu asiyepita njia hii hajui nchi yake ni kubwa namna gani.

Lakini safari imegeuka. Wazazi wetu walipanda mashua kubwa za Onatra, na bariji zimefungwa pamoja kama soko linalotembea. Mashua hizo zilikuwa na taa za kumulika ukingo. Halafu vita vya mwaka wa 1998 mpaka 2003 vilikata mto, Kisangani ikatengwa na Kinshasa. Leo watu wengi wanasafiri na baleniere, ile mashua ndefu ya mbao yenye mashine. Hatuzisemi vibaya. Bila baleniere, chumvi, sabuni na hata kayé hizi tunazoandikia zingefika namna gani? Lakini nyingi hazina taa ya kutosha, wala jile za kuokolea za watu wote. Mizigo inapakiwa kwanza, na watu wanakaa juu ya mizigo.

Mchana, mpima maji anasimama mbele na fimbo ndefu, anatafuta kina. Anasoma uso wa maji: pale penye mikunjo, mchanga uko karibu. Usiku haoni kitu. Mchanga unahama kila mwaka, na alama nyingi za kuongoza mashua zilipotea. Mti mzima ulioanguka unateremka bila sauti. Mvuvi yuko katika mtumbwi wake pasipo taa. Na ajali ikitokea mchana, vijiji vinatoka na mitumbwi kuokoa watu. Usiku wanasikia makelele tu, hawajui wapige kafi upande gani.

Hatusemi maneno ya bure. Mwezi wa 4 mwaka wa 2019, mashua ilizama katika ziwa Kivu, watu zaidi ya 100 wakapotea, na Raisi Tshisekedi akaamuru kila msafiri wa majini avae jile. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku kule Goma, mchana, watu wa pwani wakitazama. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Mwezi wa 4 mwaka wa 2025, mashua ya mbao ilishika moto karibu na Mbandaka, na ilisemwa kwamba moto ulianzia pale mtu alipokuwa akipika. Watu zaidi ya 140 walikufa. Wengine waliruka majini bila kujua kuogelea.

Mtu atasema: «Basi, hata mchana watu wanakufa!» Ni kweli. Hatusemi kwamba mchana unatosha. Tunasema usiku unaongeza hatari juu ya hatari, tena unaondoa waokozi.

Sasa, kwa nini mwanafunzi anapanda usiku? Si juu anapenda. Kanuni inasema: siku ya kuanza masomo, kila mtu awe kwenye mstari asubuhi, mwenye kuchelewa anarudishwa kumwita mzazi. Mzazi yuko Isangi! Mwenye kurudishwa anapanda mashua mara mbili tena, na masomo ya juma zima yanampita. Na baleniere haina saa. Inaondoka wakati imejaa. Ukingojea nyingine itakayoondoka asubuhi, utachelewa. Ukipanda hii inayoondoka jioni, pengine utafika. Basi mtoto wa miaka 14 anachagua kati ya azabu ya shule na giza la mto. Hatufikiri kwamba wakubwa waliandika kanuni hii kwa ubaya. Waliiandika wakifikiri kila mwanafunzi anakuja kwa miguu.

Wenzetu wengine wanajibu: «Mungu ndiye analinda, tusali tupande.» Tusali, ndiyo. Lakini George Grenfell, aliyekufa hapa hapa Basoko tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka wa 1906, alikuwa mtu wa sala, na bado alipima mto huu na kuuchora ramani. Mashua yake, jina lake Peace, ilibebwa vipande vipande na wapagazi kupita maporomoko ya chini, ikaunganishwa, ikaingia majini mwaka wa 1884. Na mashua za moshi za wakati ule, jioni ikifika, zilifungwa kwenye ukingo, watu wakakata kuni za kesho. Imani yao haikuwazuia kungojea asubuhi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, wanafunzi wa mto wapewe siku 2 za neema wakati wa kuanza masomo, wakileta karatasi ya mzazi ao ya mkubwa wa bandari. Mwenye kudanganya aazibiwe; hatutamtetea.

Pili, siku ya kufunga, matokeo yatolewe asubuhi mapema, ili mwenye kusafiri asifike bandarini jua likishuka.

Tatu, shule inunue jile hata 10 kwa kuanza, ziazimwe kama vitabu vya maktaba: unaandika jina, unakwenda nayo, unairudisha. Tuko tayari kulima shamba la shule siku za Jumamosi ili kupata franka za kuzinunua.

Nne, kuogelea kuingie katika saa za michezo, wavulana na wasichana, pahali penye maji matulivu na mwalimu akiwa karibu. Wengi wetu tulizaliwa kando ya maji na hatujui kuogelea, zaidi wasichana, maana nyumbani walikatazwa.

Na sisi wanafunzi tuna kazi yetu. Tusafiri kwa kundi, wakubwa pamoja na wadogo. Tukiona mashua imejaa kupita kipimo, tusipande, hata kama rafiki anapiga kelele: «Panda, pahali pako!» Tena tuache kuwacheka wale wanaofika nyuma na harufu ya moshi wa samaki katika nguo zao. Yule aliyechelewa kwa siku 1 kwa sababu alilala Isangi kungojea mchana, alifanya vizuri kuliko yule aliyefika wa kwanza kwa bahati.

Tunangojea jibu la wakubwa mbele ya likizo. Mwenye mawazo mengine aandike katika namba itakayofuata, tutasoma.

Wanafunzi wa mto, mwaka wa 5