Azimio la Kazi kwa Mwenye Saa Moja

Mwalimu mmoja aliyehitimu chuoni kwetu alitujia hivi karibuni na ratiba mkononi. Afundisha darasa la sita kutwa, jioni asahihisha madaftari, na sasa ataka kusomea uongozi wa biashara katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, ambacho kimemtaka kwanza afanye mtihani wa GMAT. Nafasi aliyo nayo ni saa moja ya alfajiri, siku tano kwa juma, kwa majuma manane. Ni saa 40 tu.

Ratiba ile ilipendeza machoni: mada nane, kila mada na juma lake, mistari imepigwa kwa rula. Twakiri kwamba tuliitambua kazi yetu wenyewe, kwani ndivyo tuwazoeshavyo wanachuo kuandika azimio la kazi: mada zifuatane kama zilivyo kitabuni, na muda ugawanywe sawa kwa sawa. Kwa maoni yetu, ugawaji wa namna hiyo ni uvivu, ingawa huonekana kama bidii.

Tuutazame mtihani wenyewe. Ulianza Marekani mwaka 1954, na umebadilika mara nyingi. Kwa sura iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2023 una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, ufahamu na hoja 23, uchambuzi wa takwimu 20. Jometri imeondolewa katika hesabu, na maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza yamefutwa. Mwenzetu alikuwa na kitabu cha zamani. Jometri na sentensi hizo alikuwa amezipa majuma mawili! Robo ya muda wake ingepotea bure.

Tulimshauri atumie Jumamosi moja kufanya jaribio zima kwa kufuata saa (waendeshaji wa mtihani hutoa majaribio mawili bila malipo), kisha ayatenge makosa yake: yatokanayo na kutojua, yatokanayo na kusoma swali vibaya, na yatokanayo na haraka. Ni yale ya kwanza tu yanayohitaji kitabu. Haya ya mwisho yahitaji zoezi la kuacha. Swali la hesabu lina dakika mbili na sekunde chache, bila kikokotoo, na asiyemaliza maswali hupunguziwa alama. Mwalimu hupata tabu hapa, maana amezoea kulifikisha kila swali mwisho mbele ya darasa.

Wapo wakufunzi wenzetu wasemao kwamba kuanza na makosa humvunja moyo mwanafunzi. Huenda, lakini kuyagundua siku ya mtihani, baada ya kulipa ada isiyolingana na mshahara wa mwalimu, humvunja zaidi.

Alirudi baada ya jaribio. Makosa mengi yalikuwa katika hoja, mada aliyokuwa ameiweka juma la mwisho kwa kuwa, alisema, Kiingereza akifundisha kila siku. Sasa ameipa siku tatu kwa juma.