Ukialikwa Harusi ya Mdenmark na Mmarekani

Tuseme kijana wa Denmark anamwoa binti wa Marekani, nawe umealikwa. Ukiombwa kujibu kama utafika, jibu mapema, kwani viti huhesabiwa. Zawadi usiumize kichwa. Wamarekani huacha orodha dukani ukachague.

Mezani ndipo penye mambo. Wageni Wadenmark wakigonga sahani kwa visu, maharusi husimama juu ya viti na kubusiana. Wakipiga miguu sakafuni, wawili hao huingia chini ya meza wakabusiane huko! Bwana harusi akitoka ukumbini, hata kwenda msalani tu, wanaume humkimbilia bibi harusi kumbusu shavuni. Mama ya binti asipoelezwa mapema, atadhani mwanawe anavunjiwa heshima, na sherehe itaingia shubiri. Afadhali maharusi wayaandike haya katika kikaratasi cha kumpa kila mgeni.

Hotuba nazo ni nyingi, na chakula huchukua saa kadhaa. Jamani, mketisheni baba ya binti karibu na mtu wa kumfasiria. Ni uchungu kusikia ukumbi mzima ukicheka kisa cha mtoto wako, nawe huelewi neno.

Nawe mgeni, usiondoke mapema. Kabla ya saa sita usiku maharusi hucheza waltz, watu wakiwazunguka kwa makofi na kuwasogelea hadi wabanwe kabisa. Halafu wanaume humwinua bwana harusi, wakamkata ncha za soksi kwa mkasi. Naam, soksi!